Panapokatwa Bei: Hotuba kwa Mafundi na Wauzaji wa Zana za Chuma

Ndugu mafundi, ndugu wafanyabiashara wa vifaa, walimu wenzangu wa ufundi mitambo, na ninyi vijana mnaomaliza mafunzo mwaka huu:

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wenu amelishika mkononi, nalo ni zana na vipuri vya chuma vinavyouzwa kwa bei ya chini na kuharibika kabla havijafanya kazi vilivyonunuliwa kuifanya. Spana inapanuka mdomo mara ya kwanza inapokazwa kwa nguvu, panga linapinda likigonga kisiki, bolti inakatika kichwa kabla haijakaza, beringi ya pikipiki inaanza kulia siku chache baada ya kufungwa. Maelezo tunayopeana huwa mafupi, kwamba "hizo ni za Kichina", na mazungumzo yanaishia hapo. Naomba tuyafungue tena, kwa sababu maelezo hayo si ya kweli, na kwa kuwa si ya kweli hayatusaidii kununua vizuri zaidi kesho.

Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1970, kilijengwa kwa msaada wa China. Leo China huzalisha zaidi ya nusu ya feleji (steel) yote ya dunia, na ndani ya kiasi hicho mna reli za treni ziendazo kasi kubwa na mna bisibisi inayojikunja kwenye skrubu ya bawaba. Nchi ni ileile, na mara nyingine hata kiwanda ni kilekile. Kinachotofautiana ni oda iliyopelekwa na bei iliyokubaliwa.

Jambo ninalotaka kulisema leo ni hili: kifaa cha chuma hakiwi dhaifu kwa sababu ni cha bei ndogo tu, bali kwa sababu bei yake ilikatwa mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Umbo, mng'aro, rangi ya mpini na maandishi yaliyochapwa ubavuni vinaonekana dukani, kwa hiyo havikatwi. Mchanganyiko wa chuma, kazi ya kukifua, muda wa kukaa kwenye tanuri na ukaguzi wa mwisho havionekani, kwa hiyo hivyo ndivyo vinavyoondolewa, kimoja baada ya kingine, mpaka inabaki sura ya spana isiyo na spana ndani yake.

Tuanze na chuma chenyewe. Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo sana, na kidogo hicho ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Chuma laini tunachochomelea mageti na madirisha kina kaboni isiyozidi asilimia 0.25, springi ya gari ina takribani asilimia 0.6; tupa nzuri ina zaidi ya asilimia 1. Chini ya takribani asilimia 0.3 chuma hakiwezi kukazwa, yaani kufanywa kigumu kwa moto, kwa kiwango cha maana, hata ukitie moto na kukizamisha majini mara nyingi kiasi gani. Mtengenezaji anayekata mapanga kutoka kwenye bamba laini, kwa kuwa bamba hilo ni rahisi na halichoshi mashine yake, amekwisha kuamua kwamba mkulima atanoa panga hilo kila asubuhi na litakuwa butu kila adhuhuri. Ndiyo maana wahunzi wetu wa mtaani, ambao hawana maabara wala vyeti, hutafuta springi chakavu za magari wanapotaka kufua jembe au shoka. Wanajua kwa mazoea kile ambacho mhandisi anakijua kwa asilimia.

Chuma chakavu kwa hiyo si kibaya kwa asili yake. Kinakuwa kibaya kinapoyeyushwa bila kuchambuliwa. Tanuri dogo la umeme la induksheni, linalotumika sana kwa sababu ni nafuu kulijenga, huyeyusha chuma lakini halikisafishi inavyopaswa: kilichoingia na fosforasi au salfa hutoka nacho. Shaba ni mbaya zaidi, kwa sababu ikishaingia kwenye chuma kilichoyeyuka haina njia rahisi ya kutoka, na mota kuukuu zikitupwa humo pamoja na nyaya zake, chuma hupata nyufa ndogo ndogo kikifinyangwa kikiwa cha moto. Serikali ya China yenyewe iliona hatari hiyo, na ilipofika katikati ya mwaka 2017 ilikuwa imeamuru kufungwa kwa viwanda vilivyofyatua chuma cha ujenzi kwa matanuri ya namna hiyo bila kukisafisha wala kukipima.

Mchanganyiko ukiwa sahihi, kazi bado haijaanza. Sehemu ninayowaomba mnisikilize kwa makini zaidi ni ya moto, kwa kuwa ndipo zana nyingi huharibiwa.

Spana nzuri huanza kama kipande cha feleji kinachopashwa moto na kufuliwa kwa nyundo kubwa ya mashine ndani ya kalibu, yaani fomu yenye umbo la kifaa. Kufua huko hukibana chuma, na chembe zake hujipanga kufuata umbo la kifaa, na chuma huwa na nguvu kufuata mpangilio huo kama mbao inavyokuwa na nguvu kufuata nyuzi zake. Baada ya hapo spana hupashwa tena hadi joto la takribani nyuzi 850 za selsiasi, kutegemea aina ya feleji, kisha huzamishwa kwenye mafuta. Wakati huo inakuwa ngumu sana, lakini ugumu huo ni wa hatari, kwa sababu ikianguka sakafuni inaweza kupasuka. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo na kuachwa humo kwa muda, ili ipoteze sehemu ya ugumu na kupata ustahimilivu. Wahunzi wa zamani waliisoma hatua hii kwa rangi inayotokea juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano hafifu, kisha kahawia, zambarau, na mwisho buluu, kila rangi na kazi yake.

Fikirini sasa mwenye kiwanda anayetakiwa apunguze bei kwa mara ya tatu. Hawezi kupunguza uzito wa spana sana, mnunuzi ataugundua. Hawezi kuacha kuing'arisha. Lakini tanuri linakula umeme, na hatua ile ya mwisho ya joto dogo inachukua muda mrefu bila kubadilisha umbo la spana hata kidogo. Akiifupisha, hakuna atakayejua mpaka spana ifike mkononi mwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi. Akiiacha kabisa, anauza spana inayovunjika ghafla na kutupa vipande usoni mwa mtu. Akiacha hatua zote mbili, ya kuzamisha na ya joto dogo, anauza spana laini inayopanuka mdomo na kula kona za nati. Akipasha moto kupita kiasi ili kuharakisha kazi, chembe za chuma hukua, na mkiivunja spana hiyo mtaona ndani yake chembe kubwa zinazometameta, badala ya sura ya kijivu, laini na yenye chembe ndogo. Akitumia tanuri la wazi lisilodhibiti hewa, kaboni ya juu ya uso huungua, na kifaa kinabaki na ngozi laini juu ya kiini kigumu, jambo baya sana kwa tupa au patasi ambayo kazi yake yote iko usoni.

Zana hizo zote zimekaa kwenye rafu moja, zina chapa ya kromi na vanadi, metali za kuimarisha feleji, ubavuni, na zinang'aa sawasawa. Chapa ni kazi ya mhuri tu.

Kwa vifaa vidogo, mara nyingi njia rahisi zaidi ni kuacha feleji kabisa. Vitasa, funguo za bomba, vishikio na hata baadhi ya jiliwa (vise) za mezani husubiwa, yaani humiminwa kwenye kalibu, kwa zinki iliyochanganywa na alumini, ambayo huyeyuka kwenye takribani nyuzi 385 za selsiasi, wakati chuma huhitaji karibu 1,500. Kalibu moja inadumu kwa maelfu ya vipande, na uso unatoka laini. Mchanganyiko huu si wa aibu. Ulitengenezwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929, na siri yake ilikuwa kutumia zinki safi mno. Risasi au bati kidogo tu ikijipenyeza humo, sehemu ndogo mno ya asilimia, unyevu huanza kuila kutoka ndani, kifaa kinavimba, kinachanika na hatimaye kinabomoka chenyewe kabatini. Katika miji yetu ya pwani, kwenye joto na unyevunyevu wa mwaka mzima, anayeuza zinki chafu anauza kitu ambacho kimekwisha kuanza kufa.

Mng'aro nao una mambo yake. Kromi tunayoiona juu ya spana ni nyembamba kuliko mnavyodhani, mara nyingi haifiki hata elfu moja ya milimita, na kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Nikeli ni ghali. Ikipunguzwa, kromi hubanduka kwa magamba makali yanayokata vidole. Lakini kwa upande wa bolti kuna kosa zito zaidi. Bolti ngumu, hasa zenye alama za nguvu 10.9 na 12.9 kichwani, zikipakwa zinki kwa umeme hunyonya hidrojeni, na zinatakiwa zipashwe mara moja kwenye takribani nyuzi 200 kwa saa kadhaa ili gesi hiyo itoke. Hatua hiyo ikirukwa, bolti hupita vipimo vya mezani, hukazwa vizuri, kisha hukatika saa nyingi au siku kadhaa baadaye gari likiwa limeegeshwa na hakuna aliyeigusa. Fundi hulaumiwa kwamba alikaza kupita kiasi. Mara nyingi amesingiziwa.

Kwa kuwa nimefika kwenye bolti, nikae hapo kidogo, maana watu hufa zaidi kwa bolti kuliko kwa bisibisi. Namba zilizo kichwani ni ahadi inayoweza kupimwa. Katika alama 8.8, namba ya kwanza inamaanisha kwamba kila milimita moja ya mraba itahimili mvuto wa nyutoni (kipimo cha nguvu) 800 kabla ya kukatika, na ya pili inamaanisha kwamba itaanza kurefuka bila kurudi ikifikia asilimia 80 ya mvuto huo. Bolti ya milimita 10 yenye alama 8.8 kwa hiyo huhimili takribani tani 4.7, ile ya 4.6, yenye kipenyo kilekile na rangi ileile, huhimili takribani nusu ya hizo. Mtu akigonga mhuri wa 8.8 kwenye kichwa cha bolti ya 4.6 na kuifunga kwenye kalipa ya breki, sioni kwa nini tuite kitendo hicho biashara.

Marekani ilipata somo hili miaka ya 1980, ilipogundulika kwamba bolti nyingi zilizouzwa nchini humo kama za daraja la juu zilikuwa za feleji ya boroni, rahisi zaidi, ambayo ikiwa baridi hupimwa na kuonekana sawa, lakini hupoteza nguvu mapema ikipata joto la injini au la boila. Zilikuwa zimefika hadi kwenye vifaa vya jeshi. Mwaka 1990 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria maalumu ya ubora wa bolti na nati. Nchi yenye maabara nyingi kiasi kile ilihitaji sheria kwa ajili ya kitu kinachouzwa kwa kilo.

Wala tusidhani kwamba cheti peke yake kinatosha. Mwaka 2009, na tena mwaka 2011, roketi mbili za Marekani zilizobeba setilaiti za kuchunguza hewa ya dunia zilishindwa kufika kwenye mzingo wa dunia, kwa sababu kifuniko cha mbele hakikuachia. Uchunguzi wa miaka mingi, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kiwanda kilichotengeneza vipande vya alumini vya kufungulia kifuniko hicho kilikuwa kimeghushi matokeo ya vipimo vya nguvu kwa miaka 19. Hasara ilizidi dola milioni 700. Alumini ile haikutoka kwenye karakana ya uchochoroni. Ilitoka kwenye kiwanda cha jimbo la Oregon, pamoja na karatasi zake zote.

Turudi nyumbani. Mwagizaji kutoka kwetu anaposafiri kwenda Guangzhou au Yiwu, nchini China, anaonyeshwa sampuli za madaraja mbalimbali za kifaa kimoja. Anajua kwamba mwenzake wa duka la jirani ataleta cha bei ya chini, na anajua kwamba mteja atalinganisha bei mbili na si vyuma viwili. Anachagua cha chini, na wapo wanaoomba kishushwe zaidi na kipigwe chapa inayofahamika. Mimi simhukumu kila mwagizaji, kwa sababu soko limemweka mahali pagumu, lakini sikubali aseme kwamba ameletewa. Ameagiza. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa tangu mwaka 2012, na Kenya ilitangulia mwaka 2005. Taratibu hizo zina manufaa, lakini mkaguzi hawezi kukata kila spana ndani ya kontena, na mwenye kuagiza anaweza kuikata moja kabla hajalipa zote.

Wala simlaumu kijana anayeanza gereji bila mtaji na kununua seti ya spana anayoimudu. Namsikitikia, kwa sababu yeye ndiye anayelipa zaidi. Spana yake inakula nati ya mteja. Nati iliyoliwa inahitaji kukatwa kwa grainda au kwa gesi. Bolti mpya inatoka mfukoni mwake. Na vidole vyake vinachubuka mkono unapoteleza. Mteja naye anaondoka akisema fundi huyu hajui kazi. Umaskini hapo unazaa hasara, na hasara inazidisha umaskini, wakati muuzaji amekwisha kuhesabu faida yake.

Zamani jambo hili lilikuwa na kinga yake. Washana wa Upare, ambao ukoo wao ulijulikana kwa kufua vyuma, walifua majembe na silaha kwa ajili ya majirani zao pamoja na watu wa Kilimanjaro. Jembe likipasuka, aliyelifua alijulikana kwa jina, na ukoo wake ulijulikana pia. Sisemi turudi kwenye mivukuto. Nasema kwamba mnyororo kati ya mfuaji na mlimaji umekuwa mrefu mno, na katika kila pingili yake kuna mtu anayeweza kusema kwamba hakujua.

Nieleze pia, ili nisionekane nadharau kila kitu cha bei ndogo, kwamba kipo cha bei ndogo kilicho cha haki. Bolti ya 4.6 inafaa kabisa kwenye bawaba ya geti. Nyundo nyepesi ya nyumbani inayopigilia misumari mara chache kwa mwaka haihitaji chuma cha nyundo ya kuvunjia miamba mgodini. Ubaya unaanza pale kifaa cha kazi ndogo kinapovalishwa jina la kifaa cha kazi kubwa.

Vijana, kuna mambo mnayoweza kuyafanya dukani bila maabara. Beba tupa ndogo nzuri. Kwa ruhusa ya muuzaji, ipitishe kwenye ukingo wa mdomo wa spana au makali ya patasi, mahali pasipoonekana. Ikiteleza bila kuuma, au ikiuma kwa shida, chuma kimekazwa. Ikila kama inavyokula msumari, kiache. Beba sumaku, nayo itakwambia mara moja kama kitasa unachoambiwa ni cha chuma ni cha zinki, au kama bomba linaloitwa la shaba ni chuma kilichopakwa rangi. Tazama mstari wa kalibu: kifaa kilichofuliwa huwa na alama pana iliyosagwa pembeni, na kilichosubiwa huwa na mstari mwembamba, na mara nyingine vitundu vidogo. Kwenye jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mashine, chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, na chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka kwa wingi. Na bolti isiyo na alama ya nguvu wala alama ya mtengenezaji kichwani ihesabuni kuwa dhaifu, hata muuzaji aape.

Kwa wakuu wa vyuo, halmashauri na mashirika yanayonunua kwa zabuni, ninalo ombi la wazi. Mnapoandika "spana, seti 20" na kumpa kazi mwenye bei ya chini kabisa, mmeagiza takataka kwa fedha ya umma. Andikeni aina ya feleji, andikeni kwamba iwe imefuliwa, andikeni ugumu kwa kipimo cha Rockwell C, ambacho kwa spana nzuri huwa kati ya takribani 40 na 48, na andikeni kwamba kifaa kimoja kitachukuliwa bila kuchaguliwa na kupimwa kabla ya malipo. Mashine ya kupimia ugumu inakaa juu ya meza moja, na chuo kinachofundisha ufundi mitambo bila kuwa nayo kinawafundisha vijana kuamini chapa. Kwa wauzaji, ombi langu ni dogo: andikeni daraja la bolti kwenye risiti. Mkiliandika, mtalazimika kumuuliza aliyewauzia.

Kwenye meza ile ya upande wa kulia kuna spana zilizokatwa katikati, bolti zilizovunjwa na majembe mawili yaliyosuguliwa ili chembe zionekane, pamoja na tupa na sumaku za kutosha. Waagizaji na wauzaji wapite kwanza, kila mmoja na kifaa alichokuja nacho kutoka dukani kwake kama tulivyoombana, halafu mafundi na wahitimu wafuate. Ahsanteni kwa kunisikiliza.